Tumbo la Upande wa Kushoto

Mikono ya Auleria ilisimama katikati ya merikebu ndogo ya mbao, mmoja kulia na mmoja kushoto, ikagoma kuendelea.

Alikuwa amefumba macho. Ndivyo anavyofanyaga kila akianza kupiga msasa kitu kipya. Kwanza anakipapasa chote, kimya kimya, kama mama anayetafuta jipu kwenye mwili wa mtoto. Alianzia puani, pale mbao za pande mbili zinapokutana, akateremsha viganja vyote kwa pamoja kuelekea nyuma. Cha kulia kilipita vizuri. Cha kushoto kilipofika tumboni kilisukumwa nje. Kidogo tu, lakini kilisukumwa. Akarudia. Kikasukumwa tena.

Akafumbua macho, akapiga goti, akachungulia kutoka nyuma kwenda mbele kama anayelenga manati. Mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mbavu zote za chombo, haukuwa umenyooka. Ulikuwa umepinda kuelekea kulia kama ndizi.

"Mungu wangu," akasema, kwa sauti ndogo, maana fundi Nurdin, mwenye kibanda, alikuwa hatua nne tu kutoka pale, anaongea na simu.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Merikebu inachukuliwa Jumamosi.

Auleria ana miaka arobaini na sita, na zaidi ya ishirini ameimalizia kwenye vumbi la mbao. Kwao ni Masasi. Dar aliletwa na mume wake Anselmo, mchonga mpingo, wakapanga Yombo chumba kimoja, na binti yao Editha akazaliwa humo humo. Kwenye vibanda vya wachongaji kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika popote: mwanaume anachonga, mwanamke anapiga msasa. Kisu kikimaliza, kitu kinawekwa kwenye mkeka wa wanawake. Kikitoka hapo kinang'aa, na mteja akiuliza nani kakitengeneza anaonyeshwa mwanaume. Auleria hakuwahi kununa kwa hilo. Ila alijua jambo moja, na Anselmo naye alilijua, kwamba mkono wa msasa unaona vitu ambavyo jicho la mchongaji linavipita. Ndiyo maana Anselmo alikuwa akikwama anamwita pembeni, "Hebu nipapasie hii, nimeharibu wapi?" Naye anapapasa, anamwekea kidole. "Hapa." Basi.

Anselmo alifariki kwa kifua. Mwaka uliofuata Auleria akapata mkeka kwa fundi Nurdin, pale Kipawa, na mpaka leo ni mwaka wa sita.

Kwa Nurdin kuna sheria moja inayowatisha wanawake wote wa msasa. Kitu kikivunjika, swali ni hili tu: kimefia kwa nani? Haijalishi ufa ulianzia wapi. Aliyekuwa nacho mkononi ndiye aliyekiua. Mwanaheri alikuwa anasugua tembo, sikio likadondoka. Lile sikio lilikuwa na ufa wa kisu, kila mtu pale aliuona tangu asubuhi. Kesho yake Mwanaheri alipofika alikuta mkeka wake umekunjwa, umesimamishwa mlangoni. Hakuna aliyemwambia neno. Aliubeba akaondoka. Auleria alikuwepo siku hiyo, akiwa ameinamisha kichwa, anasugua kinyago ambacho kilishalainika zamani.

Na kutoka hapo mtu aende wapi? Mpingo umekuwa wa kutafutwa kwa tochi, vibanda vinafungwa kimoja kimoja. Mkeka mwingine haupo.

Hiyo merikebu yenyewe ililetwa na Bi Badriya, mama mmoja wa Kiarabu wa Msasani, mwenye duka la vitambaa la tangu enzi za baba yake. Mwanawe Azan anaoa. Kwa kawaida upande wa mume unapeleka begi kwa bibi harusi, lenye doti za kanga, udi, manukato na vitu vingine vya mwali. Watu wanabeba begi kichwani kwa nyimbo na vigelegele, linafika. Bi Badriya hakutaka la kichwani. Sherehe itafanyika kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach, ukumbi uko pembeni ya bwawa la kuogelea, naye akataka begi livuke bwawa likiwa ndani ya merikebu, linavutwa kwa utepe na wasichana, mpaka miguuni pa Huda, bibi harusi mwenyewe. Urefu wa merikebu, hatua moja na nusu ya mtu mzima. Ielee kweli. Isiwe pambo.

Nurdin hakuwahi kutengeneza chombo cha kuelea. Lakini ni mwanaume asiyejua kusema "hii siijui". Alitazama video kwenye simu siku tatu, akakata mkuku, akasimamisha mbavu kumi na moja, akapasua msonobari kuwa vibao vyembamba vya unene wa sarafu mbili, akaanza kuvalisha. Na alivalisha kama anavyochonga. Sura ya mtu kwenye mpingo unaimaliza shavu moja, unaigeuza, unamaliza la pili. Jumatatu alipiga mbao zote za kulia, kuanzia chini mpaka juu, akaacha gundi ikauke usiku mzima. Jumanne akageuza, akapiga za kushoto. Gundi inapokauka inavuta. Ule upande wa kulia ulipata usiku mzima wa kuvuta bila mtu wa kushindana naye.

"Fundi," Auleria aliita, alipoona simu imekatwa.

"Sema, Mama Editha."

"Njoo ukishike hiki kidogo."

"Nikishike nini, si nimekipiga mie mwenyewe?"

"Huku kushoto pamejaa."

Nurdin alikuja, akasimama na mikono kiunoni. Alitazama tu. Hakugusa. "Pamejaa, sawa. Mahali pakijaa msasa unafanya nini? Unapunguza. Au siku hizi msasa kazi yake kujipepea?"

Zuena, msichana wa mkeka wa pili, akacheka huku amejiziba mdomo na mtandio.

"Siyo mbao, fundi, ni mkuku. Umevutwa. Naona kwa kuwa ulimaliza upande mmoja wote ndo ukaenda..."

"Mama Editha." Nurdin aliitia simu mfukoni polepole. "Mimi nimeshika kisu nina miaka kumi na mbili. Kuna sura yangu hata moja umeiona pua imekwenda upande?"

"Mpingo ni gogo moja, fundi. Hiki..."

Ndege ikapita. Kipawa ni jirani na uwanja wa ndege; ndege ikipita watu hawashindani nayo. Wananyamaza, mdomo umeachwa wazi kwenye neno, halafu wanaendelea pale pale. Lakini ilipomaliza kupita, aliyeendelea ni Nurdin.

"Namba themanini. Anza hapo palipojaa. Jioni nipitishe macho nisione tofauti."

Akaondoka.

Auleria akachukua msasa namba themanini, ule mkali, akaukunja kwenye kipande cha mbao, akaanza.

Kwenye gogo ukikosea unaingia ndani zaidi, maana chini ya mbao kuna mbao nyingine. Hiyo ndiyo iliyowalea mafundi wote pale, na ndiyo iliyoulea mkono wa Auleria pia. Hapa chini ya mbao palikuwa na hewa. Kila akivuta mkono vumbi jeupe linadondoka mapajani, na hilo vumbi halitoki kwenye akiba yoyote. Linatoka kwenye ukuta wenyewe. Akapiga mikono ishirini, akasimama, akapapasa. Pamepungua. Ishirini tena. Akainyanyua merikebu kwa mikono miwili, akaligeuzia tumbo lake juani, akachungulia kwa ndani.

"Dada, mbona unainua kama mtoto wa kliniki?" Zuena aliuliza.

"Njoo uone."

Zuena akaja akichechemea, mguu umekufa ganzi. Akatia jicho. Upande wa kulia palikuwa na giza. Upande wa kushoto, tumboni, jua lilikuwa linapenya kwenye mbao, rangi ya chungwa, doa la ukubwa wa kiganja.

"Makubwa! Panawaka kama sikio la mzungu."

"Punguza sauti."

"Mwambie."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena."

"Nikimwambia tena nitakuwa namfundisha kazi."

"Basi toboa, ukakae nyumbani na Mwanaheri mpakane hina." Zuena alisema hivyo kwa utani, lakini alipoona uso wa mwenzake akaacha kucheka. "Piga huku unaruka hapo, dada. Pitisha mkono juu juu. Nani atajua?"

"Maji yatajua."

Akachukua penseli, akazungushia lile doa. Akapiga pembeni yake. Akainua tena juani. Doa limevuka mstari. Akachora mstari mwingine. Mpaka saa tano tumbo la merikebu lilikuwa limejaa miviringo, mmoja nje ya mwingine, kama kisima kilichotupiwa jiwe. Na sauti nayo ilibadilika. Msasa kwenye mbao nene unasema shaa, shaa, umetulia. Pale katikati ulianza kuita kama kucha kwenye ngozi ya ngoma. Auleria aliacha kuhesabu mikono ishirini ishirini. Akawa anahesabu mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja anavuta pumzi.

Nurdin alipita mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Unaona sasa? Linaondoka." Mara ya pili alisema, "Bado hapa," akaonyesha kwa kidole, katikati kabisa ya miviringo, bila kugusa.

Kabla ya adhuhuri gari likasimama nje. Akashuka Bi Badriya, buibui nyeusi, miwani imening'inia kifuani, na dereva nyuma yake amebeba begi dogo jekundu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu Bi mkubwa, shikamoo!" Nurdin alitoka mbio huku anajipangusa.

"Marahaba mwanangu. Usishtuke, sijaja kuchukua. Azan ananambia mama tulia, kitaletwa. Nitulie vipi? Wakwe zangu wale wana ndimi, nawajua mie. Nimekuja na begi nione kama linaenea." Akaiona merikebu, akapiga makofi mara moja. "Ewe! Kweli ni chombo. Lini kimekwisha?"

"Kimeshaisha, Bi mkubwa. Msasa tu huo wa mwisho mwisho, na vanishi."

"Shikamoo, Bi," Auleria alisema.

"Marahaba, mama. Pole na vumbi." Bi Badriya aliizunguka merikebu, akamwamuru dereva atumbukize begi. Likaenea, kama limekatiwa. Nurdin akacheka kwa raha. Auleria alikuwa anatazama upande wa kushoto tu, pale katikati, kama anaweza kupazuia kwa macho.

"Sasa," Bi Badriya alisema, "kitieni majini nikione."

Kicheko cha Nurdin kikapungua. "Hakijapigwa vanishi, Bi mkubwa."

"Kwani mbao ni sukari? Dakika moja tu. Mwanangu, mie siwezi kulala. Naota kinazama na kanga zinaelea bwawani na wale wanawake wanacheka. Wana simu wale, watanitia mitandaoni. Kikizama pale mie nahama nchi." Akalionyesha lile pipa refu la kulowekea magogo, mapipa mawili yaliyopasuliwa yakaungwa, limejaa maji. "Hapo hapo panatosha."

Nurdin alilitazama pipa. Akamtazama mteja. Halafu akageuka.

"Mama Editha, kibebe ukitie."

Zuena aliacha kusugua.

Auleria aliliona jambo zima kwa mara moja, kama mtu anavyouona ufa. Merikebu ikiwa na begi ndani, maji yanaisukuma kwa nje, ile mbao ya katikati ni nyembamba kama ganda la karanga. Na mikono itakayokuwa imeishika ni yake. Aliweka msasa chini. Akasimama, magoti yakalia. Akaishika merikebu huku na huku, kisha akaiachia.

"Sikibebi, fundi."

"Unasemaje?"

"Sikibebi."

Hakuna aliyewahi kumsikia Auleria anakataa kitu. Nurdin akatabasamu kwa ajili ya mteja. "Amechoka huyu. Zuena!"

"Mie mguu wangu umekufa ganzi," Zuena alisema haraka, na akakaa vizuri zaidi kwenye mkeka.

Bi Badriya aliivaa miwani yake. "Kuna nini hapa?"

Auleria angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni tangu asubuhi. Lakini kumsema mwanaume kwenye kibanda chake, mbele ya mteja wake, hilo ulimi wake haukuwahi kujifunza. Akasema kingine.

"Bi, wewe unauza vitambaa. Ukitaka kujua kitambaa kizuri, unakitazama?"

"Nitazame nini? Nakishika."

"Njoo ushike. Fumba macho. Anza huku mbele, mikono yote miwili, uje nyuma polepole."

"Mama Editha," Nurdin alisema. Alisema jina tu.

Bi Badriya alishakunja mikono ya buibui. Pete zake zikagonga mbao. Akafumba macho, akaja nyuma polepole. Alipofika katikati nyusi zake zikapanda. Akarudi mbele, akaanza upya. Kibanda kizima kilikuwa kinatazama vidole vya bibi wa watu.

"Mbona huku pana mimba?" akasema.

Ndege ikapita. Ilikuwa ndege kubwa, ya kukawia. Wote walisimama na lile neno katikati yao, na Nurdin hakuwa na pa kutazama. Alitazama merikebu. Na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akanyoosha mikono, akafumba macho, akaishika. Auleria aliviona viganja vyake vikisimama pale pale vilipokuwa vimesimama vya kwake.

Ndege ikaisha.

"Mie sitaki kujua nani kakosea," Bi Badriya alisema, anashusha mikono ya buibui. "Sherehe Jumapili. Kadi zimeshagawiwa. Jumamosi alasiri narudi, na kitaingia majini kabla ya kuingia kwenye gari langu. Begi naliacha hapa hapa."

Gari lilipoondoka Nurdin alibaki kasimama mlangoni, mgongo kwao.

"Umeniaibisha mbele ya mteja."

"Ndiyo, fundi."

"Unajua cha kufanya?"

"Tung'oe zilizokonda, nne za kushoto, na nne za kulia zinazolingana nazo. Mkuku ukipata nafasi utarudi. Tuukaze na kabari kwenye ubao ulionyooka. Halafu turudishie moja moja. Moja huku, moja huku. Zivutane."

"Nani anapiga? Wewe?"

"Wewe kulia. Mie kushoto."

Nurdin aligeuka. Hakuwa amekasirika kama alivyodhani Auleria. Ilikuwa mbaya zaidi, alikuwa ametulia. "Haya. Lakini sikiliza. Safari hii siyo msasa. Kikifa, kimefia kwako, chote, kutoka mkuku mpaka mlingoti. Na mkeka unajua pa kuutafutia."

Vibao vilivyobaki vya ule msonobari vilikuwa tisa. Walihitaji vinane.

Alasiri ile waling'oa. Mbao ya tatu ya kushoto ilipotoka, mkuku uliruka kwa mlio kama kidole kilichovunjwa, na Zuena akapiga ukelele. Ulikuwa umerudi nusu ya njia. Kabari zikafanya nusu nyingine. Auleria alichungulia kutoka nyuma, akakubali. Nurdin naye akachungulia.

Ijumaa, Nurdin aliporudi kutoka msikitini, wakaanza. Kibao kinalowekwa kwenye maji ya moto mpaka kilegee, kinapakwa gundi pembeni, kinapindwa kwenye mbavu moja baada ya nyingine, kinabanwa na vibanio vya nguo na mipira ya tyubu. Nurdin alikuwa na mikono ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Alimaliza cha kwanza kabla Auleria hajafika ubavu wa tano. Akachukua cha pili.

"Fundi, ningoje."

"Gundi inakauka, Mama Editha, haimngoji mtu."

Akakipiga. Auleria akajaribu kumfukuzia. Kibao chake alikuwa amekitoa majini mapema; akakipinda kwa haraka, na kwenye ubavu wa saba, pale pembe inapokaza, kikasema *tak*.



Alikuwa ameshika vipande viwili. Mkeka wa Mwanaheri ulimjia, jinsi ulivyokuwa umesimama pale mlangoni. Zuena aliinamisha kichwa, akaanza kusugua kwa nguvu kitu ambacho kilishalainika. Auleria alimwona, akajitambua kabisa.

Nurdin alivitazama vile vipande. Kisha akatazama upande wake, mbao mbili zimekaa, na upande wa pili ambao haukuwa na hata moja. Akainama, akapitisha kiganja kwenye mkuku.

"Zuena," akasema, "ongeza moto kwenye birika." Halafu, bila kumtazama Auleria, "Umekitoa mapema. Kiache mpaka kikunjike kama mkanda. Nakungoja."

Akakaa chini. Na akangoja kweli, mikono mapajani, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona. Auleria alipiga cha kwanza. Akapiga cha pili. Ndipo Nurdin akasimama, akachukua cha tatu, na kutoka hapo wakaenda pamoja, mmoja anasema "tayari", mwingine anasema "tayari", hakuna neno jingine. Kibao cha mwisho kilikuwa cha Auleria, na hakikuwa na mwenzake wa akiba. Aliking'ang'ania kwenye maji mpaka vidole vikawa vyeupe. Kilipinda. Kikakaa.

Jumamosi asubuhi walipiga msasa. Auleria alinyoosha mkono kwenye upande wa kulia kama kawaida yake, Nurdin akamtoa. "Huo wangu." Akachukua msasa, akakaa kwenye mkeka wa wanawake, akasugua upande wake mwenyewe kwa namba mia na ishirini, huku anafumba macho na kuyafumbua, anafumba na kufumbua, kama anayejifunza kitu kwa aibu. Saa nne waliinua juani. Giza kulia, giza kushoto. Wakapaka vanishi ya kukauka haraka, mara mbili, ndani na nje.

Bi Badriya alifika saa kumi kasorobo, na hakungoja hata kukaribishwa. Alitaka majini.

Waliibeba wawili, Nurdin kulia, Auleria kushoto. Waliishusha kwenye pipa taratibu. Dereva akaweka begi. "Achieni," Bi Badriya alisema.

Wakaachia.

Merikebu ilizama kidogo, ikasita, ikapanda. Haikuvuja. Maji yalitulia kuizunguka, na yalipotulia kila mtu aliona. Ilikuwa imelala upande. Kidogo sana, upana wa kidole, lakini jicho lilikuwa linakwenda hapo hapo.

Auleria aliangalia upande wa kulia. Hakuhitaji kupapasa. Zile mbao mbili za kwanza za Nurdin, zilizokaa peke yake zikivuta wakati yeye hajafika.

"Mbona kimeegemea?" Bi Badriya aliuliza. Aliwatazama wote wawili juu ya miwani. "Huo upande ulioegemea ni wa nani?"

Kimefia kwa nani. Zuena alikuwa amesimama nyuma, ameshika mtandio kwa meno. Auleria alifungua mdomo, kwa maana juzi alikuwa ameambiwa chote ni chake, kutoka mkuku mpaka mlingoti, na alikuwa amekubali.

"Wangu," Nurdin alisema.

Sauti yake ilikuwa kavu. Akarudia, safari hii akimtazama mteja usoni. "Wangu, Bi mkubwa. Niliharakisha. Wa kushoto kapiga Mama Editha, huo haujaegemea popote."

 Bi Badriya alikuwa bado anatazama maji, na uso wake ulikuwa haujaamua.

Auleria aliinama kwenye pipa. Akatia mkono ndani ya merikebu, akalishika lile begi jekundu, akalisogeza kuja upande wake. Kidogo. Akaachia, akatazama. Akasogeza tena, kama unene wa kibao kimoja.

Merikebu ikajinyoosha.

"Zuena, lete penseli," akasema. Akachora mstari ndani, kando ya begi, ili kesho watu wa Mbezi wajue pa kuliweka, na Nurdin akamshikia chombo kisiyumbe mpaka alipomaliza.